Siku Diski ya Kituo cha Afya Ilipokataa Kuamka

Siku yangu ya kwanza kazini niliingia ofisini nimeshika viatu mkononi. Ilikuwa masika, na njia ya kutoka kwa shangazi hadi katikati ya mji wa Mbinga ilikuwa tope tupu, na viatu vyenyewe vilikuwa vya kuazima. Katibu Muhtasi wa ofisi ya serikali ya ununuzi wa kahawa, mama mmoja mnene aliyevaa miwani yenye mnyororo, alinitazama kuanzia chini kwenda juu. Akasema, "Binti, hapa tunapiga chapa kwa vidole, si kwa unyayo. Kanawe." Nikanawa bombani, nikavaa viatu, nikaketi mbele ya mashine ya kupigia chapa iliyokuwa nzito kuliko mbuzi.

Nilipiga chapa miaka kadhaa. Halafu likaja soko huria. Wanunuzi binafsi wakapanda milimani na mizani zao, mkulima wa kwetu Matiri akawa na watu watatu wanaomshika mkono kwa kahawa yake ile ile, na ofisi yetu ikaanza kukonda. Meneja alituita ukumbini siku moja akatuambia, "Serikali imejitoa kwenye biashara, nasi tunajitoa ofisini." Wengine walicheka wakidhani anatania. Jioni ile tulikabidhiwa barua za kupunguzwa kazini. Mimi nililia njia nzima, wala sioni haya kusema hivyo.

Aliyeniokota ni Mhandisi. Mji mzima ulimwita hivyo, ingawa hakuwa na cheti cha uhandisi. Alikuwa fundi mstaafu wa simu, mrefu, mwembamba, mwenye hasira za karibu na moyo mwema wa mbali. Alikuwa amefungua karakana ya kompyuta kwenye chumba cha nyuma cha duka la madaftari. Kompyuta zilikuwa zimeanza kuingia, moja kwa parokia, moja kwa shule, moja kwa mfanyabiashara aliyetaka tu ionekane mezani. Mhandisi alinipa bisibisi akaniambia nifungue kava la mashine mbovu na nisiogope. Nikaogopa, nikafungua.

Niwaeleze ninyi vijana jambo moja, maana bila hilo hamtaelewa kilichonipata ziwani. Umeme ukiingia kwenye kompyuta, mazabodi, yaani ubao mkuu wa mitambo yake, huamka, lakini huwa haijui lolote. Inachojua ni kwenda kusoma mahali pa kwanza kabisa pa diski. Hapo mahali ni padogo mno, hapatoshi hata barua ya mchumba. Enzi zetu palikuwa na vitu viwili. Cha kwanza ni programu fupi inayouamsha mfumo mzima wa kompyuta. Mafundi wa mjini waliiita butiloda, Mhandisi aliiita mwamshaji. Cha pili ni jedwali linalosema kila sehemu ya diski inaanzia wapi na kuishia wapi. Vyote viwili kwa pamoja tuliviita kichwa cha diski. Mwamshaji akifutika, mashine inawasha taa, inaandika mstari mmoja wa malalamiko, inanyamaza. Vitu vyako vyote vimo ndani, vizima, ila hakuna wa kuviamsha. Jedwali likifutika ni balaa zaidi, kwa sababu hata ukimrudisha mwamshaji, hajui aende chumba kipi.

Watu wengi hawakulijua hilo. Kompyuta ikigoma kuwaka walisema imekufa, wakatafuta mtu wa kuifuta yote na kuanza upya. Mhandisi alikuwa akikasirika kweli kweli. "Mtu amelala, ninyi mnachimba kaburi!" Kila mashine iliyopita mikononi mwake aliandika habari zake kwenye kaunta buku lenye jalada jeusi: diski yake ina ukubwa gani, kila sehemu inaanzia namba ipi na kuishia namba ipi. Mimi niliona ni kazi ya bure. Tena alikuwa na amri moja aliyoirudia mpaka nikaichoka: kabla hujagusa kichwa, nakili kichwa. Yaani uchukue flopi tupu, kile kisahani bapa cha plastiki cha kuhifadhia mafaili, uhamishie nakala ya pale mahali padogo, ndipo uanze kazi.

"Na kama kazi yenyewe ni ya dakika mbili?" nilimuuliza siku moja.

"Basi nakala ni ya dakika moja. Una haraka ya kwenda wapi, Skola? Kuolewa?"

Nilifanya kazi chini yake Mbinga mjini, kisha akaanza kunituma. Nilikwenda Matiri kwenye parokia, nikamfundisha Paroko kuchapa matangazo ya ndoa. Nilikwenda kwenye shule ambako panya alikuwa amezaa ndani ya kompyuta na Mwalimu Mkuu hakutaka nimfukuze kabla watoto wake hawajafungua macho. Nilianza kujiona. Watu waliponiamkia "Shikamoo fundi," nami sijafika umri wa kuamkiwa na watu wazima, niliitikia "Marahaba" bila hata kushtuka.

Ndipo Mhandisi akanituma peke yangu kule chini, mwambao wa ziwa.

Kituo cha afya chenyewe sitakitaja. Kilikuwa cha misheni ya Waanglikana, kati ya Liuli na Ngumbo, majengo ya matofali ya kuchoma yaliyotazama maji. Niliteremka na lori la mahindi, kona baada ya kona, masikio yakiziba, hadi joto la ziwa likanipokea. Mganga Mfawidhi alinikaribisha kwa heshima. Alikuwa kijana, mgeni kwetu, mwenye sauti ya kutoa amri. Aliyenipeleka kwenye mashine ni Muuguzi Mkuu, Mama Ndimbo, mwenyeji wa pale, aliyetembea kwa haraka kama mtu aliyeacha chungu jikoni.

"Dada fundi," alisema, "humo ndani wamo wagonjwa wangu wa kifua kikuu."

Nilitabasamu. Yeye hakutabasamu. Akanieleza. Wagonjwa wengi wa pale walikuwa wavuvi na wake zao, watu wanaohama kambi kwa kambi kuwafuata usipa, wale dagaa wa ziwani. Dawa ya kifua kikuu hunywewa miezi mingi bila kukatisha. Ukikatisha, ugonjwa hurudi na ukali mpya. Kadi ya karatasi haikai mkononi mwa mvuvi, inalowa. Daftari la kituo lilikuwapo, ila mchwa walilila kuanzia chini hadi likabaki jalada. Bahati njema Mama Ndimbo alikuwa ameliingiza lote kwenye kompyuta kwa vidole viwili: nani ameanza lini, amebakiza nini, yuko kambi ipi. Kisha akaja mgeni mmoja wa kujitolea, akaweka mfumo wake pembeni ya ule wa zamani, na siku ya kuondoka akauondoa pamoja na mwamshaji. Sehemu ya kwanza ya diski, yenye orodha, hakuigusa.

"Mtaalamu wa mjini amesema kwa simu ifutwe yote," Mama Ndimbo alisema. "Nikasema hapana. Wiki ijayo boti la dawa linapita makambi. Bila majina nitamfuata nani?"

Niliiwasha. Ikaandika mstari mmoja, ikanyamaza. Moyoni nilifurahi, kwa maana ulikuwa ugonjwa ninaoujua. "Mama, wagonjwa wako wazima," nilimwambia. "Nitakuamshia kabla ya chakula cha mchana."

Sasa sikilizeni upumbavu wangu. Nilikuwa na flopi mbili. Ya kwanza ilikuwa ya kuwashia mashine na kumwandika mwamshaji upya. Ya pili ndiyo ilikuwa ya nakala ya kichwa, na ilitakiwa iwe tupu. Haikuwa tupu. Nilikuwa katibu wa kwaya yetu, na nilikuwa nimeichapia nyimbo zote za Pentekoste, beti kwa beti, na nakala nyingine sikuwa nayo. Niliigeuza geuza mkononi. Nikasema nafsini mwangu, kazi ni ya dakika mbili. Nikairudisha kwenye mkoba.

Kuna jambo la pili ambalo ningepaswa kulikumbuka. Huko kwetu milimani na huko ziwani pia, kengele ya msiba ikilia, kila chenye kelele hunyamaza. Mashine ya kusaga huzimwa hata kama debe la mtu liko katikati. Marehemu hapigiwi kelele mpaka atoke. Pale kituoni umeme ulitoka kwenye jenereta, na mlango wa pili kutoka ofisini alilazwa mzee mmoja wa Ngumbo ambaye ndugu zake walikuwa wameketi nje tangu asubuhi, wamejitanda kanga, hawasemi. Niliwapita nikaenda kunywa maji.

Nikaingiza flopi, nikatoa amri. Programu ile ilikuwa na kawaida moja mbaya: kwanza inakifuta kichwa cha diski chote, kisha inarudi kwenye flopi kusoma taratibu, krr, krr, ndipo inaandika. Ilikuwa inasoma wakati kilio kilipopanda wodini. Kengele ikagongwa, pigo moja, kimya, pigo moja. Niliinuka kitini. Sikuwahi hata kufika mlangoni. Jenereta ilikohoa ikazima, na kioo kikawa cheusi.

Mwendesha jenereta alikuwa Mzee Danieli, mtu wa makamo ya juu, mwenye kofia ya sufu hata kwenye joto lile. Mganga Mfawidhi alimwita uani mbele ya watu. "Fundi yuko kazini, wewe unazima?"

"Kengele imelia, Daktari," Mzee Danieli alijibu. "Ningefanyaje? Kuna maiti ya watu ndani."

"Ungeuliza! Kama orodha imepotea, wewe ndiye uliyeipoteza. Nitaandika barua leo leo."

Mama Ndimbo hakugomba. Alimtazama tu akasema, "Baba Danieli, na Rehema wetu naye yumo humo." Mzee akavua kofia, akaikunja. Rehema, nilikuja kuambiwa, alikuwa mtoto wa dada yake, ameolewa na mvuvi, amebakiza miezi miwili ya dawa. Yuko kambi gani safari hii, hakuna aliyejua bila ile orodha.

Nami nilisimama pale pale kizingitini nikanyamaza. Nilijua kabisa kwamba jenereta kuzimika si neno. Jenereta zilikuwa zikizimika kila siku. Hiyo ndiyo sababu ya nakala. Ningekuwa na nakala ya kichwa, ningeketi nikasubiri maziko yapite, nikarudisha, nikala ugali wangu. Kosa lilikuwa kwenye mkoba wangu, limeandikwa nyimbo za Roho Mtakatifu. Lakini macho yote yalikuwa kwa Mzee Danieli, na woga ni mtamu ukiwa na mwingine wa kubeba mzigo. Nilinyamaza kuanzia saa sita hadi saa tisa. Nimetubu mengi maishani, lakini saa tatu zile ndizo zinazoniuma hadi leo.

Kituo kilikuwa na simu ya upepo iliyotumia betri ya sola, na saa tisa ilikuwa zamu ya misheni zote kuzungumza. Ulikuwa uwanja wa wazi. Ukisema jambo, wanakusikia wa Liuli, wa milimani, na masista wenye muda. Tulikuwa tumetuma ujumbe mapema Mhandisi aitwe kwenye simu ya misheni kule Mbinga. Chumba kilijaa: Mganga Mfawidhi, Mama Ndimbo, na Mzee Danieli mlangoni, hakuingia.

"Shikamoo, Mhandisi. Diski imepotea kichwa, mwamshaji pamoja na jedwali. Umeme ulikatika katikati. Ova."

"Marahaba. Umeme kukatika ni kawaida," sauti yake ilikuja na mikwaruzo. "Rudisha nakala. Ova."

Nilitazama mkoba wangu.

"Skola, nakala ya kichwa unayo? Ova."

Ningeweza kusema flopi imeharibika. Flopi zilikuwa zikiharibika kwa vumbi, kwa jua, kwa kutazamwa tu. Hakuna ambaye angenibishia. Nilimwona Mzee Danieli ameishika kofia kwa mikono miwili, kama mtu aliyekwisha hukumiwa na anangoja tu kuambiwa aende. Nikabonyeza kitufe.

"Sina, Mhandisi. Sikunakili. Flopi nilikuwa nayo, ila ilikuwa na nyimbo za kwaya, nikaona uchungu kuzifuta. Mzee wa jenereta hana kosa. Kosa ni langu. Ova."

Mahali fulani hewani mtu alicheka, akakatishwa. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, na ningeyapokea yote.

"Umemaliza kusema?" Mhandisi akauliza. "Haya. Chukua kalamu. Mashine hiyo ilipita kwangu kabla haijateremka huko. Namba zake ninazo. Ova."

Akaanza kusoma kutoka kwenye lile kaunta buku lake jeusi. Sehemu ya kwanza inaanzia wapi, inaishia wapi. Ya pili inaanzia wapi. Namba ndefu, na kosa la tarakimu moja lingetupeleka chumba kisicho chetu. Sauti ilipokuwa ikizama, sista mmoja ambaye sijamwona mpaka leo, wa misheni ya katikati ya njia, alidakia: "Mbinga anasema sitini na tatu. Narudia, sita, tatu." Tukaendelea hivyo, yeye akirudia, mimi nikiandika, Mama Ndimbo akiandika pembeni yake tulinganishe. Hakuna mtu mwingine aliyeingilia hewani mpaka tulipomaliza, ingawa zamu zao zilikuwa zikipita.

Mwishoni Mhandisi akasema, "Skola."

"Naam, Mhandisi."

"Zifute nyimbo. Ova."

Niliitoa flopi mkobani nikabandua lebo yake pale pale, nikihesabu beti moyoni zitakavyokwenda umeme ukirudi. Tukangoja. Saa kumi ndugu wa marehemu walimtoa mzee wao, tukasimama wote uani, akapakiwa kwenye boti kwenda kwao Ngumbo. Mganga Mfawidhi alipogeuka alikutana uso kwa uso na Mzee Danieli. Alikuwa kijana, nimesema. Haikuwa rahisi kwake. "Mzee wangu," akasema, "nimekukosea mbele za watu." Mzee Danieli akajibu, "Yamekwisha, Daktari. Niwashe?" Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe, mwanangu, safari hii ukiwa tayari uniambie. Nitasimama pale pale kwenye mashine yangu."

Niliandika jedwali kwa mkono, namba kwa namba, Mama Ndimbo akinisomea. Nikazifuta nyimbo, nikanakili kichwa kwenye ile flopi. Nikanakili tena kwa hofu. Ndipo nikamrudisha mwamshaji. Nilipoiwasha mashine upya sikuweza kutazama, nilitazama ukuta. Nilisikia diski ikianza kuguna, ikaendelea kuguna, na Mama Ndimbo akapiga kigelegele cha chini chini, cha mtu anayekumbuka kwamba leo kuna msiba.

Hakutaka chai wala mapumziko. Alitaka karatasi. Alisoma majina kwa sauti, nami nikayaandika kwa kalamu kwenye daftari jipya, jina, mwezi wa dawa, kambi. Mzee Danieli alisikiliza dirishani. Kwa kila jina alikuwa na la kuongeza: huyu amehamia kambi ya juu, huyu mumewe amenunua mtumbwi kwa hiyo hatakuwa mbali. Alipofika kwenye jina la Rehema, Mama Ndimbo alisoma polepole kidogo. Mzee hakuongeza kitu. Alivaa kofia yake.

Mambo mengine ya kazi yangu ni ya kawaida. Mhandisi hakunisema hata mara moja niliporudi. Alinipa kaunta buku jipya, akaniambia nianze langu. Nilimrithi alipozeeka. Kompyuta zikaongezeka, zikawa nyepesi, flopi zikapotea, umeme wa nguzo ukafika, na sasa mtu anabeba mfukoni mashine yenye akili kuliko zote nilizofungua. Juzi juzi nimekabidhi funguo za karakana, nimerudi Matiri kwenye shamba langu la ngoro, kilimo cha mashimo cha kwetu milimani, ingawa mgongo hauniruhusu kuchimba mashimo mengi. Vijana wakinitembelea huuliza kazi gani kubwa kuliko zote niliyowahi kufanya. Wanatarajia niwatajie ofisi ya mkubwa fulani. Nawaambia habari ya mahali padogo pasipotosha barua ya mchumba, na wengi huona nimezeeka vibaya.

Mwaka niliokuwa najiandaa kustaafu nilishuka Mbamba Bay kuagana na wateja wa ziwani. Sokoni nilimkuta mwanamke wa makamo, mnene wa afya, anaanika usipa na kuwagombeza kunguru. Wenzake walimwita Rehema. Nikauliza ukoo wake, akanitajia, akanitajia na mjomba wake Danieli aliyekwisha fariki. Mimi hakunifahamu. Hakuwahi kuambiwa kwamba mchana mmoja, kwa saa tano nzima, jina lake halikuwapo mahali popote, na kwamba aliyelipoteza ni mimi. Nilifungua mdomo nimwambie. Yeye alikuwa ananipimia usipa, akanitazama mikono yangu, akasema, "Shikamoo mama, mbona umekonda hivyo? Huli?" Akachota konzi mbili za nyongeza, akanitilia kapuni.

Nikasema marahaba, nikapokea.